Mume wa Utani

Aliyekosa gazeti la wiki jana asihangaike kulitafuta, nitamfikisha tulipo kwa maneno machache. Mimi ni Asnath, mjane, muuza asali wa Gongoni hapa Tabora. Nilirudi nyumbani kumtunza mama yangu, Mama Suzana, ambaye kumbukumbu zinamponyoka kidogo kidogo. Katika mizunguko yangu ya kufuata asali Ipole nikakutana na Anselm, mkaguzi wa tumbaku, mtu wa Nzega, mpole, suruali zake zina mstari wa pasi hata akitoka porini. Niliishia pale aliponiambia kwamba amehamishiwa Dodoma na hataki kwenda peke yake. Jumapili angeleta wazee wake kuniposa.

Nilisema ndiyo. Na ninyi mlionipigia simu kuniambia nisiichezee bahati, nilikuwa nimeshasema ndiyo kabla hamjapiga.

Basi leo niwasimulie hiyo Jumapili. Lakini itabidi nianzie Jumamosi, maana balaa lenyewe lilianzia huko.

Kaka Ngassa alishuka na basi la asubuhi kutoka Igunga, ana kuku mkononi na maagizo mdomoni. Huyu ndiye kaka yangu mkubwa, mzee wa kanisa, mtu ambaye akikohoa nyumba nzima inanyamaza. Kabla hajamaliza chai alikuwa ameshatupangia maisha. Mimi niende Dodoma kwa mume wangu. Mama aende Igunga kwake. Nyumba ipangishwe.

Nikamwambia Mama hawezi kukaa Igunga. Hapa tu, kwenye mtaa aliozalia watoto wake wote, anapotea. Itakuwaje kule ambako hamjui hata mtu wa kumwomba maji?

"Mtu anayesahau alipo," kaka akanijibu, "unaweza kumweka popote."

Neno lile lilinichoma. Ila nami nilikuwa natamani liwe kweli. Lingekuwa kweli, ningepanda basi la Dodoma roho yangu ikiwa nyeupe.

Lakini Mama hajasahau yote. Mwulize habari za Gongoni ya ujana wake, atakutajia nani alikaa wapi, nani aligombana na nani, na mbuzi wa nani alikula mahindi ya nani. Gongoni yenyewe ndiyo imemkimbia. Nyumba ya kona yenye baraza, ambayo ndiyo ilikuwa alama yake ya kukata kushoto, imevunjwa, pamekuwa gesti ya ghorofa yenye vioo vya buluu. Duka la mzee Fakhrudin, alikokuwa akinunua vitambaa, siku hizi linauza simu. Rafiki zake wamekufa au wamehamia kwa watoto wao. Mama akitoka kanisani anapita mlango wake mwenyewe bila kuujua, anafika mpaka mtaa wa Kanyenye akitafuta nyumba ambayo ameshaiacha nyuma.

Aliyetuondolea tatizo hilo hakuwa mimi, wala Kaka Ngassa, wala Anselm. Ni Shaban, fundi baiskeli, jirani yetu wa ukuta mmoja. Alichukua rimu kuukuu ya baiskeli, akaipaka rangi nyekundu, akaitundika juu ya geti letu. Kisha akamshika Mama mkono, akamtembeza kutoka barabarani mpaka kwenye rimu, akamrudisha, akamtembeza tena. Alifanya hivyo siku nyingi, mpaka miguu ya Mama ikajifunza njia hata kama kichwa kimegoma. Tangu hapo akiiona rimu, anaingia.

Nimewahi kumtaja Shaban huko nyuma, ila kwa kupita tu. Nilidhani hahusiki katika habari hizi.

Shaban ni Mzaramo. Babu yake aliletwa Tabora na kazi za reli, ukoo ukabaki. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, kisa ni ile misafara ya zamani, babu zetu walipokuwa wakifika pwani na mizigo mabegani, wenyeji wakawapokea kwa vicheko. Mpaka leo Shaban akiniona na ndoo ya asali ananiuliza mzigo huo nitaufikisha Bagamoyo lini. Nami namwuliza ngoma ya leo inalia wapi, maana Mzaramo asiposikia ngoma siku mbili anaugua.

Kwenye msiba wa baba yangu alivaa koti la marehemu, akatangulia jeneza kwa mwendo ule ule wa baba wa kuchechemea, akawa anawakaripia waombolezaji kwamba wamechelewa. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Mama, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana yake, akaomba uji. Ndiyo kazi ya mtani, na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia.

Tangu niliporudi nyumbani ananiita mke wangu. Kila asubuhi sauti inapita juu ya ukuta: mke wangu umeamkaje? Namjibu nimeamka vibaya, nitaamkaje vizuri na mume mwenyewe ndiye yeye. Mtaa wote unatusikia. Hakuna aliyewahi kutuwazia jambo, na mimi nilikuwa wa kwanza kutowaza. Nina mdomo, nakiri. Tangu nizaliwe sijawahi kushindwa na mtani.

Sasa nisikilizeni.

Jumamosi hiyo mchana Kaka Ngassa alikuwa amekwenda kumsalimia mchungaji. Mimi nilikuwa nachambua mchele wa wageni, Mama ameketi karibu yangu kwenye kigoda. Akaniuliza kama mume wangu ameshakula.

Nikadhani anamsema marehemu mume wangu. Hutokea, na nimejifunza kutombishia. Nikamwambia ameshakula.

"Amekula saa ngapi?" akauliza. "Mbona nasikia nyundo yake tangu asubuhi haijapumzika?"

Nyundo iliyokuwa ikilia ilikuwa ya Shaban, upande wa pili wa ukuta.

Nikacheka. Nikamweleza kwamba yule ni Shaban, ananitania tu. Mama akanitazama kama anavyonitazama nikizidisha chumvi kwenye mboga. Akainuka, akaenda chumbani kwake, nikamsikia anavuta kitu uvunguni. Akarudi na jembe.

Jembe lile nalijua. Ndilo nililolimia karanga nyuma ya nyumba.

"Hili kaleta nani?" Mama akaniuliza.

Mkono wangu ukasimama kwenye ungo. Yote yakanirudia kwa mara moja.

Ilikuwa mwanzo wa mvua zilizopita. Jioni moja Shaban alikuja kwetu amevaa kanzu, na hiyo kanzu peke yake ilitosha kunivunja mbavu, maana nimezoea kumwona na grisi mpaka kwenye nyusi. Alivua viatu mlangoni. Akakataa kiti, akakaa chini kwenye mkeka, akamwamkia Mama. Mkononi alikuwa na kitu kimeviringishwa kwenye kaniki. Alipokifungua, ndani mlikuwa na jembe jipya, chuma kitupu, halina mpini. Akasema amekuja kwa njia ya wazee wetu. Ameleta jembe, anaomba mke.

Zamani kwetu Unyamwezi watu walioa kwa majembe. Kila mtu anajua, na ndiyo maana nilicheka mpaka nikashikilia mlango. Nikamwuliza mwanamume gani anakwenda kuposa na jembe lisilo na mpini, au Wazaramo mipini huwa mnaazima kwa majirani? Nikamwambia alete mpini, akiuleta mimi nimekubali.

Kesho yake akaleta mpini. Alikuwa ameuchonga mwenyewe na kuulainisha kwa kipande cha chupa. Nikaupokea, nikamwambia ahsante mume wangu, nikaenda kulima.

Mama siku ile hakucheka. Alilipokea jembe kwa mikono miwili, akasema amesikia. Mimi niliona ni yale yale ya ugonjwa wake, hajaelewa.

"Jembe nililipokea mimi," Mama akaniambia sasa, amelilaza jembe magotini. "Mpini ukaupokea wewe. Huyo anayekuja kesho anakuja kufanya nini?"

Nikamwambia anakuja kusalimia.

Ndugu zangu, nieleweni. Ugonjwa umemnyang'anya Mama vitu vingi, na kimojawapo ni utani. Hawezi tena kutambua mtu anaposema hili akimaanisha lile. Ukimwambia njaa inaniua, anakwenda kumwita jirani. Kwa hiyo jioni ile Shaban alipofungua kaniki, Mama alisikia maneno yalivyotamkwa. Kama mlikuwa na jambo la kweli ndani yake, nyumba nzima ni yeye peke yake aliyelisikia.

Nikauacha mchele. Nikaenda kwa Shaban, na kwa mara ya kwanza sikuita juu ya ukuta, nilipita getini.

Nilimkuta amegeuza baiskeli miguu juu, anakaza spoku. Akaanza palepale: bibi harusi anazurura nje, Wanyamwezi wa Nzega wakimwona watasema walidanganywa kuhusu mali. Sikumjibu. Alisubiri jibu, na lilipokosekana akashusha spana.

Nikamwuliza lile jembe lilikuwa nini.

Akasema lilikuwa la kulimia, kwani karanga hazikutoka? Nikamwita jina lake. Nadhani nililiita vibaya, maana alikwepa macho yangu, akalizungusha gurudumu kwa kidole na kutazama linavyoyumba.

"Asnath, mimi na wewe ni watani," alisema. "Nikikwambia nina homa, unacheka. Nikikwambia nakufa, unaniuliza ngoma ni lini. Mtani akitaka kusema kweli, aanzie wapi?"

Nilimwuliza kwa nini hakutuma wazee kama watu wengine. Akasema wangetumwa wangenikuta mlangoni nacheka. Nikamwuliza habari ya dini, yeye msikiti na mimi kanisa. Akasema hilo alishalifikiria mpaka likachakaa, na kwamba anamjua Kaka Ngassa, angemfukuza kwa mistari ya Biblia kutoka Gongoni mpaka stesheni. Nikamwuliza basi kwa nini aliacha mambo yakafika hapa, miezi yote hii.

"Nilikuwa nangoja siku ambayo hutacheka," alisema. "Leo hujacheka. Na kesho una wageni."

Na kabla sijajibu, mwenye baiskeli alitokea kuja kuichukua, na uso wa Shaban ukabadilika kama mtu aliyewasha taa. Akapaza sauti ili yule mteja asikie, akaniambia mke wangu nenda kaoge, kesho nakuja kufunga mlango wako na Mnyamwezi hapiti bure. Mteja akacheka. Nikatoka.

Jioni ile nilifagia uwanja ambao nilikuwa nimeshaufagia. Niliosha vikombe safi. Nilikwenda dukani kununua kiberiti nikarudi na sabuni. Anselm akapiga simu kuniambia amepata nyumba Dodoma yenye varanda pana, nitaweza kupanga madumu yangu ya asali. Akaniuliza kama nina furaha. Nikamwambia ninayo. Ningekuwa na sababu hata moja ya kumchukia mtu yule, ningeshukuru Mungu.

Kuna jambo jingine sijawahi kuwaambia. Mbele ya Anselm mimi ni mtu kimya. Naongea taratibu, nacheka kwa kufunga mdomo, na yeye hulipenda hilo, ananiita mtulivu wangu. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba ndivyo mapenzi ya watu wazima yalivyo. Jumamosi ile, nikiwa na ufagio mkononi, nikajiuliza ni nani hasa atakayehamia Dodoma.

Jumapili baada ya ibada wakaja. Aliongoza Mzee Silasi, baba mdogo wa Anselm, mwenye kofia ya kuvua na kuvaa kila anapoanza sentensi. Alifuatia Bi Apolinaria, shangazi yake, anayekaa hapa jirani, Kanyenye, na ananifahamu mimi na mdomo wangu tangu niko shule. Anselm mwenyewe alikuwa nyuma, koti jipya, macho chini.

Hawakuingia. Shaban alikuwa amelaza baiskeli mlangoni, na yeye ameketi juu yake.

"Nyumba hii ina mwenyewe," aliwaambia, "na mwanamke mnayemtafuta ana mume. Ndiye mimi. Zamani msafara haukupita nchi ya watu bila kulipa hongo, ule ushuru wa njia. Lipeni au rudini Nzega."

Kicheko kilichopasuka pale kilisikika mpaka kwenye gesti. Hata Kaka Ngassa, ambaye hucheka kwa mwaka mara moja, alionyesha meno. Mzee Silasi alikuwa amejiandaa, anajua mila. Akavua kofia, akampigia mtani magoti ya uongo, akaagiza kreti ya soda ishushwe kwenye gari. Shaban akaikagua chupa kwa chupa kama mtoza ushuru, akalalamika kwamba hakuna ya tangawizi, kisha akaondoa baiskeli. Akaingia nao na kukaa karibu na mlango, soda mkononi.

Mimi nilikuwa chumbani nimefungwa khanga mpya, nawaona kwa upenyo wa pazia. Nilimwangalia Shaban kuliko nilivyomwangalia Anselm. Uso wake ulikuwa wa mtani mtupu, hauna nyuma wala mbele. Nikaanza kujiuliza kama yale ya jana niliyasikia vizuri.

Wakasalimiana, wakaulizana habari za mvua na za tumbaku. Mzee Silasi akavua kofia, akasema wameona ua zuri katika nyumba hii, wamekuja kuomba kulichuma.

Hapo Mama akasema. Alikuwa ameketi kimya pembeni ya Kaka Ngassa, tumemsahau.

"Wageni, karibuni sana," alisema kwa sauti yake ya zamani, ile ya mwenye nyumba. "Ila mmechelewa. Mkwe wangu ni huyo hapo mlangoni. Jembe lake lipo, naweza kuwaonyesha."

Anselm aliinua macho kwa mara ya kwanza. Mzee Silasi akabaki na kofia hewani.

Kaka Ngassa akakohoa. Akawaomba radhi wageni, akasema mama yetu ni mgonjwa, kichwa chake hakijatulia, wasiyachukue maneno yake. Aliyasema hayo Mama akiwa pale pale, bega kwa bega naye. Mama akageuka kumtazama mwanawe wa kwanza, akamwuliza kwani amesema nini kibaya.

Bi Apolinaria, kwa nia njema kabisa, ndiye aliyeliokoa jambo. Akapiga makofi akasema mwacheni mama mkwe, naye anatutania, kumbe nyumba hii ni ya watani tupu. Vicheko vikarudi. Shaban akainua chupa yake kumpongeza Mama, wakacheka zaidi. Mama akaitazama mikono yake, akaikunja mapajani kama mtoto aliyekaripiwa.

Niliona uchungu ambao siwezi kuwaelezea. Mwanamke yule amezika mume, amelea watoto, ameijua Gongoni kabla ya vioo vya buluu, na siku ile alikuwa mtu pekee sebuleni aliyesema kitu cha kweli. Wakamgeuza kichekesho. Na baada ya harusi wangempakia kwenye basi la Igunga, kwenye nyumba isiyo na rimu nyekundu, akasimame barabarani akiwauliza watu asiowajua kwake ni wapi.

Nikaitwa. Nikatoka, nikapiga magoti kwenye mkeka, nikawaamkia wakubwa. Kaka Ngassa akakaa vizuri kwenye kiti, akaniuliza lile swali ambalo kila binti wa kwetu huulizwa siku ya posa.

"Asnath, wageni hawa unawajua? Tupokee neno lao, au tusipokee?"

Jibu la swali hilo ni moja. Unasema nawajua, unainama, unakimbia ndani kwa aibu, wanawake wanapiga vigelegele. Nilikuwa nalo kwenye ulimi. Anselm alikuwa ananitazama kwa macho mazuri ya mtu asiyemdhulumu yeyote. Nikamtazama Mama. Alikuwa bado ameinamia mikono yake.

"Nawajua," nilisema. "Ni watu wema, na Anselm wao ni mtu mwema. Lakini mimi nimeshaposwa. Mama hajakosea. Jembe lililetwa, akalipokea. Mpini niliudai mwenyewe, nikaupokea kwa mikono yangu hii. Mume wangu ni huyo aliyekaa mlangoni."

Nilisubiri Kaka Ngassa asimame. Nilisubiri kofia ya Mzee Silasi irudi kichwani na watu watoke. Nilikuwa tayari kwa lolote, isipokuwa lile lililotokea.

Bi Apolinaria aliangua kicheko.

Alicheka mpaka akajiegemeza kwa Mzee Silasi. Akasema niliwaambia mimi, niliwaambia binti huyu ana mdomo, hata siku ya kuposwa kwake hawezi kumwachia mtani ashinde. Mzee Silasi akajipiga paja. Kaka Ngassa, ambaye jasho lilikuwa limeanza kumtoka, alishusha pumzi ndefu na kucheka kwa shukrani, kicheko cha pili kwa siku moja. Anselm alikuwa anafuta machozi. Akaniambia mbele ya wote kwamba hakujua nina utani kiasi hiki, kwa nini nilikuwa namnyima.

Nikasema sitanii. Wakacheka zaidi. Nikasema tena, kwa sauti kubwa, na majirani waliokuwa dirishani wakapokea kwa vigelegele. Kila nilipofungua mdomo nilikuwa nawaongezea.

Nikageuka kumtafuta Shaban.

Alikuwa ameinuka nusu kutoka kwenye kiti, soda imemmwagikia kwenye suruali na hana habari. Alinitazama. Kwa kitambo kidogo hakukuwa na utani wowote kwenye uso ule, niliuona mtupu, na nikajua kwamba amenisikia. Akamtazama Kaka Ngassa. Akamtazama Anselm anavyofuta machozi. Kisha akacheka. Alicheka kuliko wote, ameshika tumbo, akawanyooshea wageni mkono.

"Mmemsikia mwenyewe," alisema. "Kreti moja haitoshi. Leteni nyingine ndiyo mumchukue."

Mpaka leo sijui. Labda hakuniamini. Labda aliniamini, akaona nyumba itakavyowaka, akaamua kuizima kwa njia aliyoizoea. Soda ikaagizwa. Vigelegele vikazunguka ua mpaka barabarani, na Mzee Silasi akavaa kofia yake, akaanza kujadiliana na kaka yangu Jumamosi ipi itafaa kwa harusi.

Nilikuwa bado nimepiga magoti pale pale kwenye mkeka. Mama alinisogelea, akaniwekea mkono begani, akainama mpaka mdomo wake ukanigusa sikio.

"Mwanangu," alinong'ona, "hawa wanacheka nini?"